Gemu za sandiboksi: uhalisia au wepesi? Tuliyojifunza tukijenga ghala la mahindi

#1 Mwanzisha uzi (Mbeya)

Habari za jioni wanajamvi.

Kila nikipita jukwaa la gemu nakuta ugomvi ni uleule. Huyu anasema Minecraft, ile gemu ya kuchimba na kujenga, ni ya watoto, maana unakata shina la mti na matawi yanabaki yananing'inia hewani. Yule anamjibu kwamba gemu zenye uhalisia mwingi ni kibarua kisicho na ujira. Nilikuwa msomaji tu wa nyuzi hizo, hadi mwaka jana mimi na rafiki yangu tulipoanza kutengeneza modi yetu, yaani nyongeza inayobadilisha gemu. Hapo ubishi ukageuka uamuzi. Kila kitu unachokiingiza kwenye gemu lazima useme kama kitakuwa vile kilivyo duniani au kitarahisishwa, na ukikosea mchezaji anaondoka. Naandika niliyoyaona. Uzi ni mrefu, vuta kigoda.

Kwa wageni: sandiboksi ni gemu ambayo hupewi hadithi ya kufuata. Unapewa dunia, zana na kanuni zake, la kufanya unajitafutia mwenyewe. Ndiyo maana swali la uhalisia lina uzito zaidi huku kuliko kwenye gemu za mpira. Huku kanuni za dunia ndizo gemu yenyewe.

Tuanze na hiyo Minecraft inayosemwa. Markus Persson aliianza mwaka 2009, toleo kamili likatoka Novemba 2011. Kila bloku ni mchemraba wa mita moja kila upande. Sasa mita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa tani 19.3. Mfuko wa mchezaji una nafasi 36, kila nafasi inabeba bloku 64. Piga hesabu: bloku 2,304, zaidi ya tani 44,000, na mtu anaruka nazo na kuogelea nazo. Dhahabu yote ambayo binadamu wamewahi kuchimba inakadiriwa kuwa tani 200,000 na ushee. Wachezaji watano wangeibeba yote kwa safari moja. Sijawahi kuona uzi hata mmoja wa mtu anayelalamikia hilo. Wanalalamikia mti.

Na kuna jambo lingine watu hawaliulizi. Mbona mchanga unaanguka? Ukichimba chini ya mchanga au kokoto, zinaporomoka. Ukichimba chini ya jiwe, jiwe linabaki pale pale. Nadhani sababu yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: Minecraft imempa mchezaji ahadi moja, kwamba ulichokiweka mahali kitabaki mahali. Daraja, ngome, mnara, mashine za redstone (umeme wa humo ndani), vyote vimejengwa juu ya ahadi hiyo. Mti unaelea kwa sababu hiyohiyo inayofanya daraja lako lisimame bila nguzo. Ukiangusha mti kwa kanuni za uzito, siku hiyohiyo umeangusha nyumba za watu wote. Mchanga ukaachwa uanguke ili mchimbaji awe na kitu cha kuogopa anapoinua jembe.

Sasa geukia upande wa pili, Kerbal Space Program, gemu ya kurusha roketi iliyotengenezwa Mexico na Squad, toleo la 1.0 likatoka 2015. Hii watu huitaja kama mfano wa uhalisia. Lakini ipime vizuri. Sayari yake, Kerbin, ina nusu kipenyo cha kilomita 600, wakati Dunia yetu ina 6,371. Kuizunguka kwa chini kunahitaji mwendo wa kama mita 2,300 kwa sekunde, wakati hapa kwetu ni karibu 7,800. Mvutano wa ardhini umeachwa sawa na wetu, jambo ambalo kwa sayari ndogo hivyo lingedai iwe nzito ajabu kwa ukubwa wake. Na chombo chako kinavutwa na gimba moja tu kwa wakati: ukitoka himaya ya sayari ukaingia ya mwezi, sayari inasahaulika ghafla. Hayo yote ni kurahisisha, tena kwa nguvu.

Walichokataa kurahisisha ni mzunguko wenyewe. Nakumbuka usiku wa kwanza nilipojaribu kuunganisha vyombo viwili angani. Kimoja kilikuwa mbele yangu, njia moja, umbali wa kilomita chache. Nikawasha injini kumfuata. Nikaona umbali unaongezeka. Nikaongeza moto, ukaongezeka zaidi. Ukikaza mwendo kwenye mzunguko unapanda juu, na huko juu safari ya kuzunguka ni ndefu, kwa hiyo unachelewa. Kumfikia aliye mbele inabidi upunguze mwendo, ushuke, uzunguke haraka kwa chini, kisha upande tena. Nilikaa hadi saa tisa usiku, na vyombo vilipogusana nilisimama na kutembea chumbani. Hakuna kitabu cha fizikia kilichowahi kunifanya hivyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sandiboksi nzuri ina kitu kimoja, labda viwili, ambavyo inakataa kabisa kuvirahisisha. Mengine inayakata bila huruma ili hicho kimoja kipate nafasi. Tukibishana, tubishane kama kilichochaguliwa kilistahili.

Naomba kuwasilisha.

#2 Mdau (Mwanza)

Mkuu nimekusoma, lakini sikubali. Umeisahau Dwarf Fortress, ile gemu ya mbilikimo wanaojenga ngome. Ile haijachagua kimoja. Imechukua vyote: jiolojia, hali ya hewa, majeraha ya kila kiungo cha mwili, kumbukumbu za kila mtu, historia ya dunia nzima kabla hujaanza kucheza. Na ndiyo sandiboksi kubwa kuliko zote kwangu.

Unakumbuka habari ya paka? Mwaka 2015 wachezaji walikuta paka wanakufa ovyo kwenye ngome zao, wametapika kila mahali. Tarn Adams, mtengenezaji, akaanza kufuatilia. Alikuwa ameongeza vilabu vya pombe. Wanywaji wanamwaga pombe sakafuni, paka wanapita, pombe inashika kwenye miguu. Paka hujisafisha kwa ulimi. Wakilamba miguu, gemu inahesabu wamekunywa pombe, na kwa kosa la hesabu inawahesabia kipimo kizima. Mwili wa paka ni mdogo. Wanalewa mpaka kufa.

Hakuna aliyeandika "paka afe kwa pombe". Kanuni zenyewe zilikutana. Ukikata kila kitu kama unavyosema, hutapata habari kama hiyo hata siku moja. Ndiyo raha ya uhalisia: dunia inafanya mambo ambayo hata aliyeiumba hakuyatarajia.

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Mwanza, hoja yako ni nzito na sehemu kubwa nakubali. Habari ya paka ndiyo iliyonifanya niipende gemu ile.

Ila angalia walivyoilipia. Ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, waliitoa mara ya kwanza 2006. Kwa miaka mingi ilikuwa haina picha: mbwa ni herufi d, mtu ni alama ndogo ya uso, ukuta ni alama za kibodi. Toleo lenye picha za kueleweka na linalotumia kipanya lilikuja kwenye duka la gemu la Steam Desemba 2022, miaka 16 baadaye. Nao pia walikata. Walikata macho na mikono ya mchezaji ili dunia iwe na kina. Wengi tuliifungua, tukaona ukuta wa herufi, tukaifunga. Kwa hiyo hata Dwarf Fortress ilichagua: ukweli wake ni kwamba kila jambo lina chanzo na linaacha alama. Kingine chochote kilisubiri.

Niweke pembeni yake SimCity ya 2013, gemu ya kujenga miji. Yenyewe ilitangaza kwamba kila mkazi ni mtu halisi, unaweza kumfuata toka nyumbani hadi kazini. Wachezaji wakawafuata kweli. Wakakuta mtu akitoka kazini jioni anaingia nyumba yoyote ya karibu yenye nafasi. Kesho anaenda kazi yoyote iliyo wazi. Jina lipo, uso upo, maisha hayapo. Barabarani wote wanafuata njia fupi kuliko zote, foleni inajaa huku barabara pana ya pili iko tupu. Uhalisia wa aina hii naona unaumiza kuliko wepesi, maana mchezaji ameambiwa aamini halafu anakuta ni ganda.

Gemu hiyohiyo lakini ina kisa kingine ambacho nakiheshimu sana. Mbunifu wake mkuu, Stone Librande, alieleza kwamba walipopima miji halisi ya Marekani walishangaa ardhi iliyoliwa na maegesho ya magari, kubwa kuliko maduka yenyewe. Wangeiweka kwa kipimo chake, mji wa mchezaji ungekuwa uwanja wa lami. Wakachukulia kwamba maegesho yako chini ya ardhi, wakaendelea. Hapo walikata sawasawa.

#4 Mdau (Dodoma)

Bado hujasema modi yenu inahusu nini, umetupa roketi na paka tu.

#5 Mwanzisha uzi

Sawa, hapa ndipo nilipokuwa nakwenda.

Tunatumia Luanti, ile iliyokuwa ikiitwa Minetest hadi 2024. Ni injini ya bure, ya bloku, unaandika modi kwa lugha ya Lua, na inakimbia hata kwenye simu na laptopu ya zamani. Modi yetu ni ya mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini. Una ekari, una jembe, una msimu mmoja wa mvua. Basi.

Toleo la kwanza tuliweka kila kitu. Kulima, kupanda, kupalilia mara mbili, mbolea, kuvuna, kukausha, kupukuchua, kujaza gunia. Na kupukuchua tulikufanya kwa heshima zote: hindi moja moja, mbofyo mmoja kwa kila mstari wa punje. Nilienda kijijini kwa mama, nikarekodi kwa simu mlio wa punje zinazoangukia kwenye turubai. Mlio ule ninaupenda hadi leo.

Waliojaribu ni watoto wawili wa dada yangu, mmoja miaka 11, mwingine 14. Mdogo alipukuchua mahindi manne. Akaangalia rundo lililobaki. Akaenda mlimani kuchimba handaki, hakurudi shambani. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Usiku ule tukakaa na rafiki yangu kujiuliza: kupukuchua ni kweli, kila mtoto wa kijijini amekufanya, mbona hakukumshika? Jibu tulilopata ni kwamba ukiwa kwa bibi hupukuchui peke yako. Mnakaa watu sita kuzunguka turubai, kuna hadithi, kuna mashindano, kuna hindi bovu la kumtupia mwenzako. Sisi tulichukua mwendo wa kidole tu, tukaacha kile kilichofanya kazi ile ivumilike. Tukakata. Sasa ni mbofyo mmoja, gunia zima, na mlio wa mama umebaki.

Mvua ndiyo tuliyoiacha ngumu. Siku ya Luanti ni dakika 20, tukaamua mwezi mmoja uwe siku moja, mwaka mzima saa nne. Mvua inaanza Novemba, lakini mvua ya kwanza inaweza kudanganya: inanyesha vizuri, kisha inakata, mbegu iliyoota inakauka. Mchezaji hana kengele ya kumwambia hii ni ya kweli au ya uongo. Anaona mawingu, anaona udongo umelowa kiasi gani akichimba, basi.

Wale watoto wakaanza kugombana. Mkubwa anasema subiri. Mdogo anasema ukichelewa mahindi hayatakomaa kabla mvua haijaisha. Mara mdogo akasema, "Tupande nusu." Hakuna aliyemfundisha. Baba yangu amepanda nusu miaka yake yote, na mtoto yule amekulia mjini.

Kisha ghala. Toleo la kwanza ghala lilikuwa sanduku tu, unaweka gunia, zinakaa milele. Wakajaza magunia 60 na wakakosa la kufanya. Shangazi alikuwa amekaa nyuma yao anaangalia, akauliza, "Hayo mahindi hayaliwi na kitu?"

Wakulima mnajua alimaanisha nini. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Aligundulika nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Tabora, ametoka Amerika ya Kati, na tangu hapo hakuna aliyelala na mahindi ndani bila wasiwasi. Wengine humwita Scania. Shangazi aliwahi kufungua ghala Februari akakuta mahindi yamebaki maganda na unga.

Rafiki yangu akataka kumtengeneza mdudu mmoja mmoja: anataga, anaanguliwa, anatoboa, anaruka kwenda ghala la jirani. Aliandika wiki mbili. Kwa ghala tatu laptopu ikaanza kukata, na mchezaji hakuona tofauti yoyote kwa macho. Tukafuta. Sasa kila ghala lina namba moja tu, kiwango cha dumuzi, inayopanda polepole. Ila mchezaji haoni namba. Anaona unga mweupe chini ya magunia, kwanza kidogo, kisha mwingi. Akisogea karibu anasikia mtafuno. Ndivyo shangazi anavyojua, na ndivyo mchezaji wetu anavyojua.

Na bei ya soko inafuata msimu: chini sana baada ya mavuno, inapanda kuelekea Januari na Februari. Kwa hiyo kila asubuhi mchezaji anafungua mlango wa ghala, anainama kuangalia sakafu, anajiuliza: niuze leo kwa bei ya kutupa, ninunue dawa ya kuhifadhia, ninunue mifuko isiyopitisha hewa, au nivumilie mwezi mmoja zaidi? Namba moja kwenye msimbo, na watoto wale walikaa nayo Jumamosi nzima.

#6 Mdau (Dar es Salaam)

Kiongozi hongera, nitaitafuta. Swali: huoni kwamba sehemu kubwa ya huu "uchaguzi" ni vifaa tu? Mashine zikiwa na nguvu zaidi mtamrudisha mdudu mmoja mmoja. Pia mimi nacheza Bus Simulator Indonesia kwenye simu, humo vijana wanaingiza hadi mabasi yenye rangi za huku kwetu. Napenda kwa sababu basi linafanana. Fizikia yake wala sijali.

#7 Mwanzisha uzi

Vifaa vina nafasi yake, sikatai. Hata shamba letu lilitusumbua hapo. Luanti haihesabu sehemu za dunia zilizo mbali na mchezaji, kwa hiyo ukienda mjini kuuza, mahindi yako yanasimama kukua. Ukirudi unakuta urefu uleule. Ilitubidi tutumie kipima muda cha kila bloku, ambacho eneo likiamka kinatuambia muda gani umepita, nasi tunarukisha mmea hadi umri wake. Dumuzi naye hivyohivyo, anakula hata ukiwa haupo.

Lakini mfano unaonifanya niseme si vifaa tu ni Factorio, ile ya viwanda kutoka Prague. Mle mchezaji anatembea na vichwa vya treni na vinu vya nyuklia mfukoni. Mikanda na mashine hesabu zake ni kali mno, kitu kwa kitu. Kwa miaka mingi mabomba ya maji na mafuta nayo yalikuwa na hesabu yake ya mtiririko, kipande kwa kipande. Tatizo lake, mtiririko ulitegemea hata mpangilio uliotumia kuyajenga. Mabomba mawili yanayofanana kwa macho yanatoa maji tofauti, na mchezaji hana pa kuona kwa nini. Toleo la 2.0 lilipotoka Oktoba 2024 wakaiondoa hesabu ile. Sasa mtandao mzima wa mabomba unakuwa kama tangi moja, na ukirefuka kupita kiasi unahitaji pampu. Hii ni timu inayojulikana kwa kubana kila chembe ya nguvu ya prosesa, na mashine za leo zina nguvu kuliko walipoanza. Bado wakachagua wepesi, kwa sababu ukweli ambao mchezaji hawezi kuusoma kwake ni bahati nasibu.

Kuhusu basi, umesema jambo ambalo sikulifikiria. Kwako ukweli uliochaguliwa ni rangi, honi, na barabara iliyojaa bodaboda. Hicho ndicho kisichokatwa. Nimeliandika kwenye daftari.

#8 Mdau (Muheza)

Mimi ni mhudumu wa afya, gemu nacheza zamu ikiisha. Naomba niongeze upande mwingine: uhalisia wa nani?

Nilicheza Far Cry 2, ya mwaka 2008, kazi ya Ubisoft Montreal. Iko kwenye nchi ya Afrika isiyotajwa jina. Ilisifiwa sana kwa uhalisia: bunduki zinachakaa na kukwama, ramani unaishika mkononi, na mhusika wako ana malaria. Sasa malaria yenyewe. Macho yanaingia ukungu wa njano, unabonyeza kitufe, unameza kidonge, unaendelea kupigana. Baadaye tena, kidonge tena. Vidonge vikiisha unapeleka nyaraka za safari kwa raia waliojificha, wanakupa vingine.

Mimi huku ninampa mtu mzima dawa mseto vidonge vinne asubuhi na vinne jioni, siku tatu, jumla 24. Na kila siku ninamsisitiza: maliza dozi hata ukijisikia nafuu siku ya pili. Hapo ndipo mchezo wa kweli ulipo. Siku ya pili homa imeshuka, mtu ana kazi, anaviweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto akiugua. Uamuzi ule ninauona kila wiki. Waliotengeneza gemu waliweka hofu ya mgeni aliyepata malaria. Maisha ya anayeishi nayo hayamo.

Siwalaumu. Nasema tu kwamba mtu akisema "ina uhalisia", namuuliza kwanza aliyeipima ni nani.

#9 Mwanzisha uzi

Dada (au kaka, unisamehe), mchango wako nitaurudia kuusoma mara nyingi. Umenieleza kwa nini swali la shangazi lilikuwa na thamani kuliko wiki mbili za msimbo wetu. Yeye ndiye aliyepoteza mahindi.

Na hiyo ya kubakiza vidonge kwa ajili ya mtoto, mtu akiitengeneza kama gemu inatosha peke yake. Haihitaji picha kali wala dunia kubwa.

#10 Mdau (Kitale)

Salamu kutoka Kitale. Sisi huku ni mahindi toka mlangoni hadi upeo wa macho, na huyo mdudu wenu tunamwita Osama.

Nina moja la kuwakosoa. Mmetaja kukausha, lakini mmeeleza dumuzi tu. Mkulima akiweka mahindi mabichi ghalani hata dumuzi hana haja ya kuja. Yanavunda, yanapata sumukuvu, na hayo hata ng'ombe usimpe. Mwenye mashine ya kupima unyevu anatafuta asilimia 13.5 kushuka. Sisi wengine tuna chupa na chumvi. Unachukua chupa safi, kavu, unatia punje na chumvi kavu, unatikisa dakika chache, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikiteremka yote chini, weka ghalani.

Wekeni hiyo. Kuanika kwenyewe msikufanye kibarua, lakini chupa mchezaji aitikise mwenyewe.

#11 Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kitale, asante sana. Tuliiweka Alhamisi usiku, leo Jumamosi imejaribiwa, narudi kutoa taarifa.

Mahindi yakiwa kwenye turubai yanakauka yenyewe, mchezaji hagusi kitu, ila mvua ikinyesha yanarudi nyuma. Hakuna kipimo chochote kwenye skrini. Kuna chupa na chumvi. Ukitikisa unasikia punje zikigonga kioo, kisha chumvi inashuka polepole. Tulibishana kama tuandike maneno "bado" na "tayari". Tukaacha macho yafanye kazi.

Mkubwa alitikisa mara moja, chumvi ikabaki kioo kizima, akarudisha mahindi juani. Mdogo alikuwa na haraka, wingu lilikuwa linakuja, akajaza gunia nane bila kupima. Baada ya miezi miwili ya gemu alifungua ghala, akakuta punje zimegeuka rangi ya kijani na nyeusi. Alikaa kimya kidogo. Nikajua anaondoka kama siku ile ya kupukuchua.

Akatoka ghalani, akaenda sokoni, akanunua chupa kwa hela yake ya mwisho.

Kilichobaki sasa ni lumbesa. Rafiki yangu anataka mnunuzi aje na gunia lililoshonewa kilemba juu, mchezaji aamue kukubali au kumfukuza. Mimi nahofia itakuwa mazungumzo marefu ya kubofya. Mnaouza mazao, niambieni: mnunuzi wa lumbesa anapofika mlangoni, neno lake la kwanza huwa nini?